Siku tano Dodoma na Mpwapwa: kutafuta kivuli cha watu arobaini na wawili

Kwaya yetu ya usharika, hapa Iringa, ina watu arobaini na wawili. Mwaka ujao tunakwenda ziara Dodoma, na kamati iliamua watangulie watu wawili kuona njia, malazi na mahali pa kuimbia. Nilitumwa mimi kwa kuwa ni katibu, pamoja na mwalimu wetu wa kwaya, mzee wa miaka sitini na nane ambaye kila mtu anamwita Mwalimu tu. Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari langu na picha mia mbili na kitu za simu. Nimeyaandika kwa ajili ya wanakwaya wenzangu, lakini hata msafiri asiyeimba atapata cha kumfaa.

Siku ya kwanza, Alhamisi: Iringa hadi Dodoma

Tuliambiwa tufike stendi ya Igumbilo saa kumi na mbili kamili asubuhi. Gari liliondoka saa mbili kasoro dakika kumi. Ilikuwa mwisho wa Agosti na baridi ya Iringa ilikuwa bado kali. Mwalimu alivaa koti zito na kofia ya sufu, akanunua chai ya tangawizi mara mbili. Nauli ilikuwa shilingi 18,000 kila mmoja.

Barabara ni lami mwanzo hadi mwisho, kilomita zipatazo 260. Tulipita Kihesa na Nduli, kisha gari likaanza kuteremka mlima Nyang'oro. Hapo ndipo hali ya hewa inapobadilika: kofia ilivuliwa, koti likafuata, na tulipofika Izazi madirisha yote yalikuwa wazi na mibuyu imeanza kuonekana. Kona za Nyang'oro zinataka tumbo tulivu. Wanaotapika njiani wakae viti vya mbele, na wasile chapati za mafuta stendi.

Mtera tulifika saa nne na nusu. Barabara inapita juu ya bwawa lenyewe: upande mmoja maji hadi macho yanapoishia, upande wa pili mto Ruaha Mkuu ukitoka kuelekea Kidatu. Umeme unazalishwa hapa, megawati 80, na hayo hayo maji yanakwenda kuzalisha tena Kidatu. Msipige picha ukutani, ni eneo la ulinzi. Kijana mmoja kwenye gari letu aliinua simu, konda akamshusha mkono kwa upole kabla askari hajaona.

Ng'ambo ya pili wanauza samaki: perege wa kukaanga, kambale wa kukaushwa, na dagaa kwenye visado. Dada mmoja alipotusikia tunaongea Kihehe alicheka. "Wahehe, mmefika kwa watani wenu! Shikamoo babu." Mwalimu akamwitikia marahaba na kumwambia utani haupunguzi bei. Ulipunguza. Fungu la perege wanne la 12,000 tulichukua kwa 9,000, na akatuongezea ndimu mbili. Tulikula wawili mle mle garini tukiwa tumetandika gazeti mapajani.

Baada ya hapo ni Chipogolo, Fufu, Mlowa, Mpunguzi: nchi kavu, nyekundu, mbuzi na miiba. Nililala.

Stendi kuu ya Nanenane iko Nzuguni, nje ya mji upande wa barabara ya Morogoro. Tulishuka saa saba na robo. Usikubali bajaji ya kwanza inayokufuata: tulitajiwa 10,000 hadi mjini, na hatua hamsini mbele, daladala ilitupeleka kwa 600 kila mmoja. Kwa kundi kama letu, bora kupatana na dereva wa basi awashushe mjini kabisa.

Malazi tulipata hosteli ya kanisa, karibu na katikati ya mji, chumba cha mtu mmoja 25,000 pamoja na chai ya asubuhi. Mhudumu alituambia tuna bahati, kwa kuwa wiki za vikao vya Bunge vyumba huisha na bei hupanda mji mzima. Hili naliandika kwa herufi nzito kwenye ripoti ya kamati: angalieni ratiba ya Bunge kabla ya kupanga tarehe.

Siku ya pili, Ijumaa: makanisa ya mjini, msikiti, na Uwanja wa Nyerere

Saa mbili asubuhi tulikuwa mbele ya Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Anglikana. Mgeni akiliona kwa mara ya kwanza hudhani ni msikiti, kwa sababu lina kuba. Mwalimu alisema mwaka 1979 alipopita Dodoma akiwa kijana alilipita akaenda kumuuliza mtu kanisa liko wapi, akiwa amesimama mbele yake.

Mhudumu wa kanisa, baba mmoja mwenye ufunguo mkubwa kiunoni, alitufungulia. Tulijieleza. Akasema, "Karibuni, nyumba ya Mungu haina tiketi." Nilitaka kuanza kupima viti. Mwalimu akanizuia kwa mkono, akaomba ruhusa, akasimama katikati na kutoa sauti moja tu ya besi, ndefu, bila maneno. Sauti ilipanda, ikazunguka, ikarudi. Alisubiri mpaka ikazimika ndipo akaniambia niandike: hapa nyimbo za kwenda taratibu, zile za haraka maneno yatagongana.

Dayosisi hii, ambayo mpaka leo inaitwa ya Central Tanganyika, ilianzishwa mwaka 1927 ikimegwa kutoka ile ya Mombasa. Shirika la wamisionari wa Kianglikana la Uingereza, CMS, lilikuwa limeishiwa nguvu ya fedha katika kazi yake huku, na ndugu zao wa Australia wakakubali kuipokea. Ndiyo maana askofu wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia, na mkono wa Waaustralia unakutana nao kila penye shule au hospitali kongwe ya Kianglikana katika mkoa huu, kuanzia Mvumi hadi Kongwa. Ofisi za dayosisi zinaitwa Mackay House, kwa jina la Alexander Mackay. Jina hilo nililiandika bila kufikiri sana. Kesho yake lilinirudia.

Nje kuna miti, na chini ya miti kuna watu. Hili ndilo lililonifanya nibadilishe daftari langu. Nilikwenda na safu tatu: viti, choo, umeme. Lakini saa nne jua la Dodoma lilipokaza niliona mambo yanavyokwenda. Wanaosubiri ofisi, mama wenye watoto, wanafunzi wenye vitabu, fundi viatu na sanduku lake, wote walikuwa wamefuata kivuli, na kivuli kikisogea nao wanasogeza viti. Wala hawaambiani. Mwalimu akaanza kukipima kivuli kwa hatua zake. "Hapa hatua kumi na nane kwa kumi," akasema. "Sauti zote nne zinaenea, na wapiga vyombo." Nikaongeza safu ya nne: kivuli. Kufikia Jumapili ilikuwa ndiyo safu niliyoijaza kuliko zote.

Kanisa Kuu la Kilutheri liko jirani, unavuka barabara tu. Kwetu sisi ni nyumbani, kwa hiyo tuliingia ofisini, tukakabidhi barua ya usharika, tukanyweshwa chai ya maziwa na kupewa namba ya mwenyekiti wa kwaya. Alipiga simu yeye mwenyewe jioni ile. Barua yenye muhuri inafungua milango mingi Dodoma, huu ni mji wa ofisi. Nendeni na nakala tano.

Kanisa Kuu la Katoliki, la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, tulifika saa sita wakati misa ya mchana inaanza, hivyo tulikaa nyuma tukasali nao. Jina lake linaeleza historia: Paulo wa Msalaba ndiye mwanzilishi wa shirika la Wapasionisti, na ni mapadre wa shirika hilo kutoka Italia waliofungua misheni nyingi za Ugogo. Mwaka 2014 Dodoma ikawa jimbo kuu. Wamisionari wa Kikatoliki ndio walioleta mizabibu kwenye misheni ya Bihawana, wapate divai ya misa. Leo mkoa huu unavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mzabibu umewasomesha watoto wa watu ambao hawajawahi kuonja divai.

Mchana tulikula kwa mama lishe karibu na soko la Majengo: ugali wa uwele, mlenda na maharage, 4,000 kwa wawili na maji juu. Mlenda wa hapa una karanga ndani. Mwalimu aliomba tena, na mama akamwongezea bila kuhesabu. "Mgeni akiomba tena," alisema, "ni heshima kwangu."

Baada ya swala ya Ijumaa tulikwenda msikiti ambao watu wote wanauita wa Gaddafi, uliojengwa kwa ufadhili wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010. Unachukua waumini wapatao 3,000. Nilikuwa nimebeba ushungi, na nawashauri dada zangu wabebe pia, na sketi ndefu. Kijana aliyetupokea alituomba tusubiri dakika ishirini watu watoke, kisha akatutembeza nje na kutuonyesha upande wa wanawake. Alituuliza tumetokea wapi. Alipojua ni watu wa kwaya alitaka kujua tunafunzaje sauti, kwa kuwa yeye anafundisha watoto kaswida. Yeye na Mwalimu walikaa kwenye kibaraza nusu saa wakizungumza juu ya pumzi, mahali pa kuvuta hewa katikati ya mstari mrefu. Mimi niliandika hatua za kivuli cha kibaraza.

Jioni tulikwenda Uwanja wa Nyerere, wenyewe wanauita Nyerere Skwea. Mchana hapafai, sakafu inachoma. Lakini kuanzia saa kumi na moja panajaa: wapiga picha wenye printa ndogo, wauza kahawa na kashata, watoto wanaozunguka sanamu ya Mwalimu Nyerere, wazee wanaobishana habari za Bunge kana kwamba wao ndio wabunge. Picha moja 2,000, inatoka papo hapo. Ninayo hapa mezani: Mwalimu wetu amesimama chini ya Mwalimu Nyerere, wote wawili wametazama upande mmoja.

Siku ya tatu, Jumamosi: Mpwapwa

Hii haikuwa kwenye ratiba ya kamati. Ni Mwalimu aliyesema kwamba mtu hawezi kusema ameona makanisa ya zamani ya huku akaishia kwenye kuba la mjini.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa Nanenane. Gari dogo la Mpwapwa lilikuwa na abiria wanne na halikuondoka mpaka lilipojaa, saa tatu kasoro. Nauli 8,000. Njia ni ile kuu ya Morogoro: unaipita Ihumwa, unaipita Chamwino ilipo Ikulu, unapita Buigiri penye shule ya watoto wasioona iliyoanzishwa na Waanglikana, hadi Mbande, kisha unakata kulia kuelekea Kongwa.

Kongwa tulisimama dakika kumi. Ni mji mdogo uliobeba mambo makubwa. Hapa ndipo Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakatumia fedha nyingi sana kwa ardhi ambayo haikuwa na mvua ya kutosha. Hapa ndipo wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia na Zimbabwe walipopewa kambi kuanzia miaka ya 1960. Na kipo chuo cha teolojia cha Mtakatifu Filipo, kilichowalea makasisi wa Kianglikana wa vizazi kadhaa. Kwaya ikipata siku ya ziada, mimi ningeitumia Kongwa.

Mbele ya Kongwa lami iliisha kwa vipande, vumbi likaanza, na kilomita chache baadaye tairi la nyuma likapasuka. Tairi la akiba lilikuwapo ila halikuwa na upepo. Dereva akapanda bodaboda kwenda kulijaza. Tulikaa saa moja na dakika arobaini.

Hatukukaa juani. Nyumba moja ilikuwa karibu, ya tembe, yenye paa la bapa la udongo, na mbele yake mbuyu. Mama mwenye nyumba alitoka, akatutazama kumi na wanne tulivyosimama barabarani, akaita, "Mbukwenyi!" Wenyeji garini wakaitikia, "Mbukwa." Akaleta mkeka, kigoda kwa ajili ya Mwalimu, na ndoo ya maji na kikombe kimoja. Maji ya eneo lile nililijua shida yake, kwa sababu njiani tulipita akina mama wenye madumu wakienda mbali. Nikajaribu kumpa elfu mbili. Akarudisha mkono wangu, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mwanangu, maji ya mgeni hayauzwi." Kabla hatujaondoka Mwalimu alimwimbia wimbo mmoja wa shukrani kwa Kihehe, na abiria wakashika kiitikio walichokisikia dakika ile ile. Huo ndio uimbaji bora wa safari nzima na sina rekodi yake, simu yangu ilikuwa imeisha chaji.

Mpwapwa iko chini ya milima, na ukifika unaelewa mara moja kwa nini misafara ya zamani kutoka pwani ilipumzika hapa. Kuna maji. Wasafiri wa karne ya 19 waliokuwa wanakwenda Unyamwezi walijaza vibuyu hapa, kwa kuwa mbele yao kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, maji makali, mahali ambapo hata palipokuwa na maji yalikuwa machungu. Stanley, yule mpelelezi, alipita Mpwapwa. Wamisionari wa CMS waliokuwa wakielekea Buganda walipachagua pawe kituo, wakaanza kufika mwaka 1876 na kurudi kujenga kwa kudumu mwaka 1878. Na mmoja wao, Alexander Mackay, yule wa jina la jengo la Dodoma, alikata njia kutoka Saadani pwani hadi hapa mwaka 1877, maili 230, yaani kilomita 370, akitaka mikokoteni ya ng'ombe ipite. Njia ilipatikana. Ng'ombe waliuawa na ndorobo, yaani mbung'o.

Nilisimama katikati ya mji, vumbi la kilomita mia na kitu likiwa bado kwenye nywele, nikafikiria watu waliofyeka njia ile kwa panga na shoka. Mackay anajulikana kwa jina. Vibarua waliofyeka hawana jengo.

Bodaboda mbili zilitupeleka Kisokwe, 5,000 kila moja kwenda na kurudi. Kisokwe ni kituo kingine cha siku zile, alipofanya kazi mmisionari Henry Cole. Tulimkuta mzee wa kanisa akifagia uwanja kwa ajili ya Jumapili. Mwalimu alimwamkia kwa kuinama, maana alikuwa mkubwa kwake. Mzee aliweka ufagio chini na kutukalisha chini ya mwembe, akatusimulia kama alivyosimuliwa: kwamba wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, mwaka 1889, misheni ya Mpwapwa ilichomwa, watu wakakimbilia milimani, na waliporudi walisali chini ya miti kabla ya kujenga tena.

"Kanisa lilianzia chini ya mti," akasema, "likachomwa, likarudi chini ya mti. Ndiyo maana sisi miti hii hatuikati hata ukitupa fedha."

Mwalimu akauliza kama tunaweza kuimba pale mwakani. Mzee akajibu, "Njooni hata mkiwa mia." Mwalimu akainuka kupima kivuli: hatua thelathini na moja, na hakufika mwisho.

Kwa watakaokwenda: ondokeni Dodoma alfajiri, au laleni Mpwapwa. Sisi gari la kurudi la mwisho lilikuwa limeondoka tulipofika stendi. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliyekuwa anapeleka gari lake tupu Dodoma alitupa lifti bila kutaka senti, akatushusha mlangoni pa hosteli saa nne usiku. Mwaka 1991 Mpwapwa ilipata dayosisi yake yenyewe, kwa hiyo barua ya kuomba kutembelea makanisa ya kule iandikwe kwao, siyo Dodoma.

Siku ya nne, Jumapili: ibada, mnada na bustani

Tuligawana. Mwalimu alikwenda ibada ya kwanza kwa Waanglikana, mimi kwa Walutheri, kisha ibada ya pili tukabadilishana. Tulikutana njiani katikati ya barabara, wote wawili tunakimbia.

Katika kwaya za Dodoma kuna sauti ambayo sisi Iringa hatuna. Kwaya ya akina mama iliyoimba wimbo wa Kigogo ibada ya pili, kule alikokuwa Mwalimu, haikuwa na kinanda. Walikuwa na ngoma zilizoshikwa kati ya magoti, kama zinavyopigwa kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na sauti zikipishana na kujibizana bila mtu kuwaongoza kwa mkono. Mwalimu anasema alishika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili. Aliniambia pia aliwahi kumsikia mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose akipiga ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kule Bagamoyo, siku za Chuo cha Sanaa, na hakuwahi kuelewa muziki ule umetoka wapi mpaka asubuhi hii. Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizaliwa Doduma, kijiji cha mkoa huu. Mwalimu ameniagiza niandike hapa, kwa maneno yake: "Tusiende Dodoma kuwaonyesha tunavyoimba. Twende tukajifunze, nasi tuimbe." Nakubaliana naye kwa moyo wote, na naomba kamati ipunguze nyimbo zetu kutoka nane hadi tano ili wenyeji wapate nafasi.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka: kuku, maboga, ufuta, mtama, na trei za mayai. Mwalimu alishindana na mama mmoja kwa boga hadi 7,000, akalipata, kisha akampa yule mama.

Mama huyo akatuchukua kwake Chang'ombe kula. Hatukuwa tumejuana saa moja kabla. Alipika kuku, ugali na mlenda, na akawaita majirani zake wawili waje kutuona, "wageni wangu wa Iringa". Nilipotaka kuosha vyombo binti yake alininyang'anya sufuria.

Saa tisa tulikwenda Chinangali, bustani ya mapumziko ya Halmashauri ya Jiji. Kuna bembea, nyasi, mahali pa chakula, na maharusi wawili walikuwa wanapigwa picha kwa wakati mmoja, wakipishana kwenye maua. Kiingilio ni kidogo. Kwa kundi letu ni mahali pazuri pa kupumzikia Jumamosi jioni, ila miti yake bado michanga. Mwalimu alipima kivuli kikubwa kuliko vyote alichokiona pale, kikafika hatua tisa.

Hapa nasema la moyoni. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, na ramani kuu ya mwaka 1976, iliyochorwa na Wakanada, ilitaka mji wa bustani na wa watu kutembea kwa miguu. Sasa mji unakua kwa kasi. Tangu 2018 ni jiji, na upande wa Mtumba wizara zimeota kama uyoga. Mitaa ya zamani ina mijohoro na miarobaini iliyopandwa na watu ambao wengi wameshakufa. Mitaa mipya mingi ina lami nzuri, taa nzuri, na hakuna mahali bibi anaweza kusimama akisubiri daladala bila jua kumpiga utosini. Kampeni za kupanda miti zipo, niliona miche iliyozungushiwa miiba na chupa za maji zilizochimbiwa kwenye mashina, kazi ya mikono ya watu wenye subira. Mvua hapa hainyeshi kati ya Mei na Novemba. Mche mmoja ukifika mwaka wa tatu umeoshewa vyombo vya familia nzima juu ya mizizi yake. Kwa hiyo anayekuja Dodoma kutalii, akiona mtu anamwagilia mti mbele ya duka lake, amsalimie kwa heshima.

Tumekubaliana na Mwalimu kwamba ziara ya kwaya ipande miti arobaini na miwili, mmoja kwa kila mwimbaji, mahali ambapo wenyeji watatuonyesha na ambapo kuna mtu wa kuimwagilia. Fedha ya mtunzaji tuiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Siku ya tano, Jumatatu: kurudi

Asubuhi niliuliza utaratibu wa kutembelea Bunge. Makundi hupokelewa kwa barua iliyotangulia, na njia nyepesi ni kupitia ofisi ya mbunge wenu. Halafu Majengo: zabibu 3,000 kwa kilo, ubuyu wa unga 2,000 kwa kopo, ufuta. Zabibu zifungwe kwenye boksi lenye matundu. Zangu niliweka kwenye mfuko wa plastiki na nusu zilifika zimepondeka.

Gari liliondoka saa tano, kwa wakati. Mtera yule dada wa samaki alitukumbuka. "Babu, mbona mmekaa siku chache?" Mwalimu akamwambia mwakani atamletea watu arobaini. Akauliza watakula perege wangapi, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Kamati ilikutana Alhamisi. Kwa hesabu zangu, basi la kukodi kwenda na kurudi, malazi usiku nne, chakula, siku ya Mpwapwa, miti na mtunzaji wake, ni shilingi 185,000 kwa kila mwanakwaya. Mchango wa kwanza, 30,000, unapokelewa na mweka hazina kuanzia Jumapili hii baada ya mazoezi. Nyimbo za Kigogo mbili alizorekodi Mwalimu ibada ya pili ziko kwenye simu yake. Anayezitaka aje na simu yenye nafasi.